Kufuata ya Mbali

Kwa fundi wa kompyuta, hapa Kikula, mbele yangu alisimama mwanamke anayetengeneza tovuti. Aliomba Windows ifutwe kwenye kompyuta yake, iwekwe Linux.

"Juu ya nini, mama?" fundi akauliza. "Kikula yote iko na Windows."

"Serveur, ile mashine ya kule Ulaya yenye kubeba site yangu, iko na Linux, papa. Hapa, kwa Windows, site inatembea muzuri. Kufika kule, inakatala."

"Na ikiharibika, utauliza nani hapa?"

Akaifuta skrini taratibu kwa kitambaa chake. "Hakuna muntu."

Fundi alicheka. Mimi sikuweza. Saa ya ukutani kwangu inafuata majira ya Montréal, aliko binti yangu. Wageni huniambia imeharibika. Nawaacha waseme. Kila asubuhi naitazama, nakunywa chai yangu, namtakia usiku mwema.