Nyongeza ya Emukule

Mimi huziba pancha hapa Malaba, na Emukule hung'arisha taa za magari hatua tano kutoka kwangu. Umeme tunavuta kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Kwa miaka sita nimemwona akisugua kwa msasa wa maji taa za plastiki zilizogeuka njano, akizipaka dawa nyeupe, kisha akizipitishia mashine yake ya sponji mpaka unaona balbu ndani. Ni mpole, lakini ana ugonjwa mmoja: hawezi kuiacha kazi nusu. Akimaliza taa atafuta vioo, atafuta namba ya gari, hata viatu vya mteja ukimruhusu. Anaita nyongeza. Nimemwambia mara ngapi kwamba nyongeza ni ya mama wa nyanya! Hasikii.

Jumatano moja ikaja Probox nyeupe. Mwenyewe alijitambulisha kuwa Callistus, mkulima wa Busibwabo, ameleta vitunguu sokoni. Taa zote mbili zilikuwa zimefifia kabisa.

"Nisafishie hii ya kulia," akasema. "Ile ingine uwachie hivyo."

"Boss, moja peke yake? Gari itakuwa chongo."

"Iwache tu hivyo."

Akaenda zake sokoni. Emukule akanigeukia. "Umesikia? Sasa huyu anataka nini?"

Hata mimi sikuelewa. Nikasema labda ya kushoto imekufa, akaijaribu, ikawaka. Nikasema basi labda mfuko umekauka. Hilo likamwingia, na huruma ikamshika.

Alipomaliza ya kulia akahamia ya kushoto. Huko akakuta mikwaruzo mitatu mifupi, mmoja juu ya mwingine kama vidato vya ngazi. "Hii iliparuzwa na nini?" akaniuliza. Mikwaruzo ilikuwa imezama. Ilimla karibu saa nzima: msasa mkali, msasa laini, dawa, mashine, huku akiigusa plastiki kila mara isije ikapata joto ikayeyuka. Mwishowe hukuona hata alama ya unywele.

Callistus aliporudi, Emukule alikuwa amesimama kando ya gari akitabasamu kama bwana harusi. "Boss, hiyo ya pili ni nyongeza."

Mtu yule hakushukuru. Hakutukana pia. Alichuchumaa mbele ya taa ya kushoto, akapitisha kidole juu, akakishusha, akarudia. Emukule aliitazama taa, akanitazama mimi, akaitazama tena taa akitafuta alipokosea.

"Kuna mahali imebaki? Nirudie?"

"Vivianne alikuwa anashikilia gari hapa," Callistus akasema. "Mtoto wangu. Alipoanza kusimama, kila mwisho wa mwezi nilikuwa napima kichwa yake imefika wapi, naweka alama na msumari. Nilipima mara tatu. Halafu malaria ikamchukua."

Emukule akaketi chini, pale pale kwenye maji machafu ya msasa. Mimi nilikasirika, sijui nikimkasirikia nani. Nilitaka kumfokea Callistus, mbona hukutuambia? Lakini nani anayeanza kumweleza mng'arisha taa habari kama hiyo, tena asubuhi ya soko?

Baadaye Emukule akainuka, akaja kwenye kisanduku changu cha vyuma, akachukua msumari. Maisha yake yote hajawahi kukwaruza taa ya mtu kwa kutaka. Akampa Callistus.

"Zirudishe hizo alama, boss. Ni wewe unajua."

Callistus akausogeza msumari karibu na taa. Plastiki ilikuwa tupu, inang'aa, na ncha ikabaki hewani. Akapanda juu kidogo, akashuka. Kisha akamgeukia Emukule, mtu wa mwisho kuzigusa.

"Ile ya juu ilikuwa wapi?"

Emukule akaweka kidole. "Hapa." Akakisogeza. "Ama hapa." Akakiondoa, akaukunja mkono wake, akalia.

Callistus aliendelea kusubiri, msumari mkononi.