Siku Nilipoisafisha CD ya Kwaya ya Mama

Najua mtacheka, na wengine wenu mlikuwepo siku ile pale uwanja wa parokia mkaziba midomo na kanga, kwa hiyo chekeni tu, mimi nimeshazoea. Mimi ndiye niliyeiaibisha kwaya ya mama yangu mzazi mbele ya paroko, kamati na kijiji kizima, na wala sikutumwa na mtu, nilijituma mwenyewe kwa kiherehere changu.

Miaka ile kila mtu mjini alikuwa amefungua kitu. Ukipita Mwembesongo unakuta duka la kaseti, pembeni saluni, pembeni simu za kulipia, na mimi nikiwa na kibanda changu cha kuchapa barua na kurekodi nyimbo, kompyuta moja ya mtumba (aliyeniuzia aliapa imetoka Dubai) na vispika viwili vidogo kama makopo ya maziwa. Watu wakaniita Mama Kompyuta, na mimi jina likanipanda kichwani, nikawa najibu hata maswali nisiyoyajua.

Mama anakaa juu milimani, upande wa Mgeta, analima kabichi na karoti, na kwenye kwaya ya parokia ndiye muimbaji kiongozi. Mwaka huo mdogo wangu, Shemasi Deo, alikuwa anapadrishwa mjini, na kamati ya upadrisho ilitaka kwaya moja kutoka kwetu ishuke kuimba kwenye misa. Kwaya zenyewe zilikuwa mbili, ya mama na ya kigango cha bondeni, kwa hiyo kamati ikasema itazisikiliza zote mbili kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, halafu itachagua. Mama alikuwa hali, halali. "Koleta," aliniambia, "nikimwimbia Deo siku anapakwa mafuta, hata Mungu akiniita kesho yake, sitamlaumu." Hicho tu ndicho alichokitaka.

Sasa kwa asiyezijua kwaya zetu: misani wanaimba kwa sauti zao, lakini kwenye sherehe ya nje, kwaya iliyofika studio haiimbi. Inawekewa CD, wanajipanga na sare zao, wanacheza, wanachezesha midomo, na kiongozi anasimama mbele na maiki ambayo haijawashwa. Ndiyo heshima yenyewe hiyo! Ukiimba kwa mdomo wako watu wanaguna, wanasema hawa hawana hata albamu.

Kwaya ya mama ilikuwa imerekodi Dar, na Mwalimu Kosmas, mwalimu wao wa kwaya, akaniletea ile CD dukani nimtolee nakala ya akiba.

"Nakala tu, Koleta. Kama ilivyo."

"Mwalimu, niachie mimi. Nitaisafisha, itoke tamu kuliko hii."

"Kuliko ya studio?"

"Kuliko ya studio!"

(Hebu niambieni, nilikuwa nasafisha nini? Ile CD ilikuwa haina hata mkwaruzo, kayamba unazisikia punje kwa punje, besi za wazee zinatikisa meza. Lakini Mama Kompyuta alishasema, nani angemrudisha nyuma?)

Nikaziingiza nyimbo kwenye kompyuta, kompyuta ikalalamika haina nafasi, maana ilikuwa imejaa miziki ya vijana, na mimi badala ya kufuta hiyo miziki nikaenda intaneti kafe nikachukua programu ya bure ya kuzibana nyimbo ziwe ndogo. Programu ikaniuliza nataka ubora gani, juu kabisa nyimbo zinakuwa kubwa, chini kabisa zinakuwa ndogo kama punje ya mchicha, nikachagua chini kabisa, nikijiambia wimbo ni wimbo. Kisha nikavuta sauti hadi mwisho ili ipige kwa nguvu. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni, kwa hiyo nikasikiliza mwanzo mwanzo tu wa kila wimbo kwenye vile vikopo vyangu, nikaona safi kabisa! Redio ya parokia ilikuwa haisomi nyimbo zilizobanwa, inasoma CD za kawaida, basi nikazirudisha kwenye CD ya kawaida, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokamilika, maana niliamini zikirudi kwenye CD zinarudi na ubora wa CD. Ni sawasawa na mtu aliyekamua nazi, akamwaga tui, akayatia machicha kwenye chupa nzuri, akakaa kungoja yawe tui.

Halafu ile CD ya studio nikaiacha Mwembesongo juu ya kompyuta. Ya nini kuibeba, wakati nina bora zaidi?

Siku ya sikukuu tukakuta kamati imekodi spika kutoka mjini, ndefu kunizidi. Wakaanza wa bondeni na CD yao ya kawaida, haikuguswa na mtu, wakapendeza, wakapigiwa vigelegele. Mama akanikonyeza, nami nikamkonyeza. Kwaya yetu ikajipanga, vitenge vipya, mama mbele na maiki yake, nikaitia CD kwa madaha yote.

Jamani! Kilichotoka mle sikukijua. Zilikuwa sauti za watu wanaoimba ndani ya tangi la maji, besi za wazee hazipo, kayamba zimegeuka mafuta yanayokaanga dagaa, na kwa vile nilivuta sauti hadi mwisho, kila wakipandisha spika zinakoroma. Watoto wakaziba masikio. Nikajipa moyo, nikasema labda watu hawataona. Kwaya, masikini, wakaendelea kucheza.

Mama akafika kwenye ubeti wake, ule wa peke yake, akainua uso juu, akafumbua mdomo, na kutoka kwenye zile spika akasikika mama mmoja wa Kizungu, anaongea taratibu kabisa kwa Kiingereza, kwamba hii programu ni ya majaribio, tafadhali uinunue. Kisha wimbo ukaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Bibi mmoja pembeni yangu akauliza kwa sauti, "He! Mama Koleta amejua Kizungu lini?" Basi hapo hata paroko alishindwa, akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nikaruka nikaweka wimbo wa pili, yule Mzungu naye akafika wimbo wa pili. Wa tatu, yumo. Alikuwa amejipanga humo kama mwanakwaya!

Mwalimu Kosmas akanijia mbio. "Koleta, toa takataka yako! Weka ile ya studio!"

"Mwalimu..."

"Weka ya studio nimesema!"

"Iko Mwembesongo."

Mwalimu akageuka, akawaambia kwaya waimbe kwa midomo. Lakini watu walikuwa wamekaa wiki kibao wanafanya mazoezi ya kucheza tu, sauti wamezisahau, kinanda hakuna, tena kicheko cha uwanjani kimeshawaingia miguuni. Soprano wakaanza juu mno, wazee wakawafuata wakakwama njiani, mmoja mmoja wakanyamaza, akabaki mama peke yake. Aliumaliza wimbo wote mama yangu, sauti inatetemeka. Mwenyekiti wa kamati akasema asanteni sana, kwa upole ule wa msibani.

Wakachaguliwa wa bondeni. Wakati naondoka mama alinifungia kabichi zangu za kupeleka mjini kama siku zote, akazichagua zile nzuri nzuri, na mimi nikalia njia nzima hadi utingo wa gari akaniuliza nimefiwa na nani.

Siku ya upadrisho tulikaa benchi la mbele, la wazazi na ndugu. Deo akalala kifudifudi mbele ya altare, akainuka, akapakwa mafuta, na wa bondeni wakaimba, tena waliimba kweli, sitawadhulumu. Mama alitulia amefumbata rozari yake hadi wimbo ulipokwisha, ndipo akaninong'oneza bila kunitazama.

"Wameimba vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Lakini mimi ningemliza."

Siku hizi nyimbo za mtu zikifika mikononi mwangu nazihamisha kwa ubora ule wa juu kabisa, hata kompyuta ilie, nazisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho hata wateja wanune, na ukiniomba nikusafishie nikufanyie iwe tamu zaidi, nitakurudishia CD yako hapo hapo, nenda kwa mwingine. Mimi kusafisha nimeacha.