Senti Iliyosuguliwa

Mtu anayepita juu ya senti bila kuinama simheshimu, na Washington ya mwisho wa miaka ya tisini ilikuwa imejaa watu wa namna hiyo. Wa ubalozi wetu ndio walikuwa wabaya zaidi. Walikuja kwangu Columbia, nje ya mji, Jumamosi, wakala pilau yangu wakashiba, halafu wakaniona na lenzi jichoni na rundo la senti mezani, wakaanza kucheka.

"Mzee, si uende benki wakubadilishie?"

"Nimetoka huko," nikawaambia. "Ndiko nilikozinunua."

Wakadhani natania. Digrii zote zile, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kiwanda cha sarafu cha Marekani nacho hukosea. Mimi niliyeishia darasa la tano nilijua. Nilianza na ndoo na dekio, nikibanana na wenzangu chumba kimoja Columbia Heights, mle mle mjini, na kufikia wakati huo nilikuwa na kampuni yangu ya usafi wa maofisi, magari yana jina langu ubavuni. Sikufika hapo kwa kusoma. Nilifika kwa kuangalia.

Niliyokuwa naitafuta ni senti ya mwaka tisini na tano. Kuna chapa moja ilikosewa kiwandani, maandishi yakaingia mara mbili, basi neno LIBERTY lililoko mbele ya sarafu linajirudia, herufi imepanda juu ya herufi. Nikaziita senti zenye kigugumizi. Wakusanyaji walikuwa wakizinunua kwa bei nzuri, lakini hela yao sikuwa na shida nayo. Nilitaka kuipata kwa jicho langu mwenyewe. Nilikuwa sijaipata.

Mdogo wa mke wangu, kitinda mimba wa kwao Tanga, alikuwa akipiga deki kwenye kampuni yangu. Alitaka nimfanye msimamizi wa kikundi kinachosafisha maofisi ya mtaa wa Shaw, apewe na gari. Ubaya ni kwamba alishapiga simu nyumbani akawaambia yeye ni bosi, mama mkwe akatangaza mtaa mzima. Kila siku ikawa shemeji gari, shemeji gari.

"Wewe huoni," nikamwambia. "Juzi umeacha vumbi chini ya meza ya mteja kama unga wa kinu."

"Naona, shemeji."

"Haya. Kaa hapa uchambue senti. Siku utakayoniletea senti yenye kigugumizi, ufunguo wa gari ni wako. Asiyeona herufi mbili ataonaje vumbi?"

Mke wangu akasema huo ni utoto. Nikamwambia wenye shule zao hupimana kwa karatasi, mimi napima hivi.

Akakaa. Kila Jumamosi alikuwa akiniletea takataka: senti yenye mkwaruzo, senti iliyokanyagwa na gari, senti yenye gundi ya pipi. Nilizirudisha kwenye rundo. Halafu mchana mmoja akanisogezea moja, nyeusi kidogo kwa uchafu wa mikono ya watu. Nikaweka lenzi. LIBERTY ilikuwa na kigugumizi kweli. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaiangalia tena, nikiomba iwe ile herufi pacha bapa inayotokea mashine ikitikisika, isiyo na thamani. Haikuwa hiyo. Ilikuwa yenyewe.

"Kesho twende kwenye maonyesho ya sarafu," nikasema, nikamrudishia senti yake. "Muuzaji akithibitisha, ufunguo unachukua."

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, wazee wa Kizungu wamekaa nyuma ya vioo wakitutazama kama tumekuja kufagia. Shemeji akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu. Senti iling'aa utadhani imetoka kiwandani asubuhi hiyo.

Nikamshika mkono. "Umeifanya nini?"

"Nimeisugua, shemeji. Ndimu na chumvi, halafu majivu ya kwenye jiko lako la kuchomea nyama. Nyumbani sinia la shaba hulipeleki mbele ya wageni likiwa jeusi."

Sinia la mama yake ni shaba tupu. Ulisugue mpaka kesho, chini ni shaba. Senti hizi ni zinki iliyopakwa shaba nyembamba kama wanja. Kwenye kingo za herufi rangi ilishatoka, zinki inachungulia, kijivu. Muuzaji akaishika kwa ncha za vidole, akaangalia, akairudisha.

"Ni yenyewe," akasema. "Lakini haina thamani tena. Imesafishwa."

Alilitamka neno hilo kama mtu anayesema imeibwa. Imesafishwa. Hilo ndilo neno lililojenga nyumba yangu, na mzee yule mwenye mba mabegani ananitajia kama ugonjwa. Nikamwambia meza yake ina alama za vidole tangu mlangoni nilikuwa naziona. Akatugeuzia mgongo.

Kwenye gari shemeji alikaa na kitambaa mapajani. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Basi nitapiga simu nimwambie mama."

"Umwambie nini?"

"Kwamba mimi si bosi."

Niliendesha kidogo. Mpumbavu, ndiyo. Ameshika kitu ambacho mimi nilikuwa nimekitafuta mpaka macho yakavimba, akakipiga majivu. Lakini alikiona. Watu wa ubalozini wasingekiona hata kingewekwa kwenye sahani ya pilau. Na mkataba wangu ulisema kuona, haukusema kusugua, na neno langu mimi silirudishi.

Nikachomoa ufunguo wa gari la Shaw kwenye shada, nikamtupia mapajani juu ya kitambaa.

"Kikundi ni chako. Ila dawa zote za kusafishia zitakaa kwangu, nitakupimia mwenyewe kila asubuhi. Na nikisikia umepeleka ndimu kwenye ofisi ya mteja, unarudi kwenye dekio."

"Sawa, shemeji," akasema, na kabla sijazima injini alishaanza kuniuliza gari linakunywa mafuta gani.