Mfungo Wangu, Ushindi Wake

Mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu kwenye ukumbi wa ndondi kule Springfield, huku ughaibuni tunakoishi. Alikuja kunisindikiza tu, ameshika chupa yangu ya maji, na haukupita muda kocha akawa anamwita yeye kwanza. Ana mikono mirefu, ana kicheko, na chochote anachokula kinageuka misuli. Mimi nikiitazama tu chapati, suruali inabana. Yalipotangazwa mapambano, klabu yetu ilikuwa na nafasi moja katika uzani wetu. Kocha akampa yeye. Mimi akaniambia nisubiri mapambano mengine, labda niwe nimepungua taratibu hadi uzani wa chini.

Nisubiri, huku yeye anavaa glavu? Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nikaamua kushuka mara moja, nipigane siku ile ile katika uzani wa chini.

Niliacha ugali, nikaacha chumvi, mwishoni nikaacha hata maji. Nilipanda na kushuka ngazi za ghorofa yetu Alexandria nikiwa nimevaa mfuko wa taka chini ya sweta ili nitoke jasho. Kikwazo kilikuwa mama, tunayeishi naye. Kwa mama, mtoto anayekataa chakula ama ni mgonjwa ama ana mimba, na yote mawili yanataka maelezo. Basi nikamwambia nimefunga.

"Unafungia nini, mwanangu?"

"Mapambano yetu, mum."

Uso ukamng'aa. Aliondoa sahani yangu kwa mikono yake mwenyewe, na nyama yangu akampa mdogo wangu. Huyo alijua ukweli. Alikula polepole, akilamba vidole, mpaka nikatamani kumpiga hapo hapo mezani bila refa.

Mama alipoingia jikoni, akaninong'oneza: "Aki wewe, utafaint. Kunywa maji kidogo tu, sitakusnitch kwa mum."

Nilimwona mnafiki. Niliamini anataka mizani inikatae.

Jumapili, katika kanisa letu dogo la Takoma Park, mama alisimama akatangaza mfungo wangu. Kwetu anayefunga haachwi peke yake. Akina mama wote waliinuka, wakanishika mikono, wakaniwekea viganja kichwani, wakanikumbatia. Ulikuwa msimu wa mafua na nusu yao walikuwa na leso mkononi. Waliniombea na kunikoholea utosini. Kazini, ninakotunza wazee, sifungui mlango bila barakoa. Siku ile nilifumba macho nikasema amina.

Siku ya kupima uzito, koo lilikuwa linawaka, lakini mizani ilinikubali. Nilimgeukia mdogo wangu nikamtazama vizuri, ashibe. Kisha daktari wa mapambano, mama wa makamo asiye na mzaha, akanigusa paji la uso na kuniambia nifungue kinywa. Vidonda, na homa juu yake.

"Mara ya mwisho ulikunywa maji lini?"

Midomo ilikuwa imepasuka, ningedanganya vipi? Akanieleza kwamba mwili ukinyimwa chakula na maji kwa ghafla, kinga yake hulegea. Hata mate hupungua, nayo ndiyo yanayopambana na vijidudu mdomoni. Mafua ambayo mwingine angepiga chafya yakapita, mimi yangenilaza kitandani.

"Leo hupigani," akasema, akamwita anayefuata.

Nilitazama pambano la mdogo wangu nikiwa kitini, nimejifunika koti lake, nikitetemeka. Niliomba ateleze. Ndilo ombi pekee nililoomba katika mfungo ule wote, nami niliomba kwa moyo. Hakuteleza. Alipiga kama mtu aliyekula nyama ya watu wawili, na refa akainua mkono wake.

Homa iliponiachia nikarudi kanisani. Mama alikuwa amesubiri niwepo ndipo atoe ushuhuda. Alimsimamisha mdogo wangu na medali yake shingoni, kisha akanielekezea mkono.

"Huyu mkubwa alimfungia mdogo wake mpaka akaugua," alisema, sauti ikikatika. "Na Mungu amejibu mfungo wake."

Kanisa zima lilinigeukia, likapiga makofi. Nikasimama, ningefanyaje, nikayapokea. Na mdogo wangu, aliyejua kila kitu, akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.