Mahali Pangu Kwenye Keria

Harufu ya gundi ya kuzibia pancha hunipandisha hasira mpaka leo. Hapa Mtwara ninapoishi, fundi baiskeli ameweka banda lake mkabala na mlango wangu, na kila anapofungua kopo lake asubuhi najikuta nimekunja uso bila kukosewa na mtu. Majirani wanadhani ndiyo tabia yangu. Acheni niwaambie ilikotoka.

Tulikuwa tukikaa Quionga, ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Baba alikuwa akinunua samaki wakavu pale kijijini na kwenda kuwauza mjini Palma kwa baiskeli. Kila Idi, wanaume wa kwetu walishindana kwenye njia hiyohiyo, na sharti lilikuwa moja: kila mwendeshaji abebe mtu kwenye keria, kile chuma cha nyuma. Baba alinibeba mimi, binti yake wa pekee, kwa kuwa nilikuwa mwepesi na sikuwa mwoga. Nilikuwa na kazi pale nyuma. Kwenye kona nililala upande anaolalia yeye. Kwenye mchanga niliruka nikasukuma. Kwenye mteremko, breki zisiposhika, niliburuta ndara chini mpaka nyayo zikapata moto. Na njia nzima mimi ndiye niliyetazama nyuma.

"Tukianguka tunaanguka wote," Baba alikuwa akisema huku akicheka.

Mama hakucheka. "Mtoto huyu si gunia la samaki, Baba Zuhura."

Kisha gesi ikaonekana huko baharini, na barabara yetu ikajaa kamioni, ndivyo tulivyoyaita malori. Vumbi lake lilikaa kwenye mihogo tuliyoanika, kwenye nguo, kwenye meno. Mashambani vikapigiliwa vigingi vyenye rangi nyekundu, na hakuna aliyetuambia vina maana gani. Idi ilipokaribia akaja shefe mmoja, yaani mkubwa wa magari hayo, amevaa kizibao cha manjano kinachong'aa, akaahidi mbele ya kijiji kizima kwamba siku ya mashindano kamioni zote zitasimama. Watu walipiga makofi. Baba alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Siku hiyo tulikuwa mbele. Nilikuwa nikiwazomea waliobaki nyuma, mara vumbi likawafunika, na ndani ya vumbi zikatoka taa mbili.

"Baba, kamioni!"

"Leo zimesimamishwa."

"Inakuja, Baba! Haisimami!"

"Wameahidi," alisema, akazidi kukanyaga pedeli.

Honi ilipolia alikuwa ameshachelewa. Alikata kwenda pembeni, upepo wa lile gari ukatuchota, tukaangukia kwenye shina la mkorosho. Mkono wangu ulivunjika. Mguu wa Baba ulichanika kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Dereva hakupunguza hata mwendo.

Nilingoja Baba anipe pole. Hakunipa. Alikaa barazani na kopo la gundi akiziba mipira ya baiskeli, akiizibua, akiiziba tena, na nikipita na mkono wangu uliofungwa vibanzi aligeuza uso. Niliamini ananilaumu kwa kushindwa. Nami nikamchukia kwa moyo wangu wote, chuki ya mtoto, ile isiyolala.

Shefe akaja na fulana mpya yenye nembo kifuani. "Pole, mzee. Lakini nanyi mlikuwa katikati ya barabara."

Baba alisimama kwa mguu mmoja. Mama ndiye aliyeipokea ile fulana. Akaleta sufuria kutoka jikoni, akaifuta masizi kwa fulana ile, taratibu, akimtazama mgeni machoni, kisha akamrudishia.

"Asante, shefe. Imetakata."

Idi iliyofuata tukaambiwa mashindano yamepigwa marufuku, eti kwa usalama wetu. Wanaume wakajipanga barabarani vilevile. Mkono wangu ulikuwa umepona. Nikavaa, nikakimbilia baiskeli. Nikamkuta Mama ameshakaa. Mama yangu, mwanamke mnene ambaye sikuwahi kumwona juu ya baiskeli, alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kukishika kiti cha Baba kwa mikono miwili.

"Shuka, Mama! Hapo pangu!"

"Leo si pako."

"Baba, mwambie ashuke!"

"Rudi nyumbani, mwanangu," Baba alisema, bila kunitazama.

Niliwarushia mchanga mpaka wakapotea machoni. Walifika Palma wa mwisho, nilisikia, baada ya kamioni kuwasukumia porini zaidi ya mara moja. Waliporudi sikuwasalimia.

Miaka ikapita. Siku moja mume wangu alitaka kumpakia mwanetu kwenye pikipiki, breki mbovu, nami nikamshusha mtoto nikapanda mimi. Njiani nikaanza kulia, mume wangu akidhani naogopa mwendo. Baba hakunilaumu kamwe. Hakuweza kuutazama mkono uliovunjika kwa sababu yeye aliamini maneno ya mtu. Na Mama hakuninyang'anya kitu. Hakutaka barabara ile iachwe hivihivi, alikuwa na hasira kuliko sisi sote, ila hakuwa tayari kuigombania kwa mwili wangu. Akaweka wake.

Wote wawili wamekufa bila kusikia haya kutoka kwangu. Hasira yote niliyowamwagia ilikuwa na mwenyewe, yule shefe wa ahadi, naye alikuwa ameshapanda gari lake akaenda zake.