Mimi, Mdogo Wangu na Matangi Mawili

Nina miaka ishirini na mbili nauza mvinyo na sijawahi kuunywa. Ni vidonda vya tumbo. Daktari aliniambia nikiwa bado msichana kwamba mimi na pombe tukae mbalimbali, nikamsikiliza, kisha kazi niliyoipata ikawa hiyo hiyo ya pombe. Wenzangu kiwandani walinitania mpaka wakachoka. Nilikuwa nawajibu kwamba hata muuza majeneza hajaribu bidhaa yake. Naanza na jambo hili kwa sababu bila hilo, nililolifanya halieleweki.

Kiwanda chetu si kikubwa. Ofisi za mauzo ni mbili, zinatazamana kwenye ukumbi mwembamba. Ya soko la ndani ni yangu: meza moja, kabati lenye mlango usiofunga, na dirisha linaloangalia mahali malori yanapogeuzia, kwa hiyo kutwa nzima nakula moshi. Ya soko la nje ina kiyoyozi, ramani ya dunia iliyojaza ukuta, na mdogo wangu.

Nikisema mdogo wangu sisemi kwa mapenzi ya kazini. Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini, mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na mimi niliyemwombea kazi hapa kwa mdomo wangu mwenyewe. Kiwandani wanamwita Pasipoti kwa ajili ya safari zake. Mimi wananiita Mama Chupa. Nadhani tofauti umeshaiona. Yeye peke yake hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita dada, hata mbele ya meneja, hata mbele ya wageni waliokuja na tai zao, na hilo nalo lilinikera kwa sababu lilikuwa linanizeesha.

Kazi yangu ni ya miguu. Asubuhi napanda gari la mauzo na dereva, tunazunguka madukani, hotelini, kwenye baa na kumbi za harusi. Namjua kila mwenye duka na watoto wake. Najua nani anapanga chupa dirishani juani mpaka mvinyo unakuwa siki, halafu lawama ananitupia mimi. Najua nani atasema, "Mama Chupa, pita kesho," na kesho yenyewe amefunga. Nilipoanza, harusi haikuwa harusi kama katoni zetu hazipo mezani. Kisha vikaja vile vipombe vikali vya chupa ndogo, bei sawa na soda. Bia nayo ikashuka bei. Na wenye uwezo wakaanza kutaka mvinyo wa kutoka nje, hata ukiwa mbaya, ilimradi maneno ya kwenye lebo yasisomeke. Yaani watu wetu wanataka mvinyo wa kwao, na watu wa kwao wanataka wetu, na katikati nimesimama mimi na katoni zangu.

Kwenye chumba cha mikutano kuna chati yenye mistari miwili. Mweusi ni katoni tunazouza nchini, mwekundu ni zile zinazopanda meli. Miaka sita iliyopita mweusi ulikuwa kwenye elfu sita na mwekundu umelala chini, mia nne tu, ukiuona unauhurumia. Mwaka juzi mweusi ulikuwa umeshuka hadi elfu tatu na mia tisa, mwekundu umepanda hadi elfu tatu na mia moja. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti kinachoipa chati mgongo.

Sitaficha: nilikuwa na kijicho. Pasipoti akirudi safari na viatu vipya, nilijua bei yake kabla hajaketi. Akicheka kwenye simu kwa lugha ya watu, roho iliniuma kama mtu aliyemeza mfupa. Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Kila Jumapili tunakula kwa mama, na Jumapili moja mama alikuwa amevaa koti aliloletewa na Pasipoti, koti zito la baridi, jasho linamtoka, hataki kulivua. "Huyu mtoto ametufikisha mbali," alisema, akilipapasa. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki kila mwezi. Mimi ndiye niliyelala naye hospitali alipovunjika nyonga. Lakini kliniki haina picha za kuonyesha majirani. Nilijikaza kisabuni, nikaosha vyombo.

Jumatatu yake meneja akatuita. Alisimama mbele ya ile chati na kalamu mkononi.

"Mwaka huu mwekundu ukiupita mweusi, hatutakuwa na haja ya ofisi mbili," alisema. "Soko la ndani litakuwa chini ya soko la nje."

Wote walinitazama mimi. Pasipoti alitazama karatasi zake. Mimi, niliyemfunga kamba za viatu, niende kumwomba ruhusa ya kwenda msalani. Hayo ndiyo niliyoyasikia, meneja aliendelea na mengine.

Sasa lazima nieleze habari ya kadi. Kila mwaka, mvinyo mwekundu ukishatulia, unakuwa kwenye matangi mawili makubwa, na hayo mawili hayafanani kamwe. Zabibu za mwanzo wa mavuno na za mwisho ni vitu viwili. Fundi wetu, tunayemwita Ulimi, anaonja yote mawili akiwa peke yake, hasemi neno, kisha anafunga kadi kwa waya kwenye bomba la kila tangi: nyeupe kwa mvinyo wa nchini, ya bluu kwa mvinyo wa nje. Kesho yake wanaojaza chupa wanafuata kadi. Hawaonji, hawaulizi. Na nani angeuliza? Kila mtu alijua tangi zuri linakwenda wapi. Linakwenda kwa wageni. Hata majumbani mwetu vikombe vizuri tunawawekea wageni, sisi tunanywea vilivyokatika mikono.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasema, kwa dereva, kwa mume wangu, kwa yeyote mwenye masikio: nipeni tangi lake mwaka mmoja tu, halafu tuone nani anajua kuuza.

Ulimi alifunga kadi siku iliyofuata mkutano ule, Jumanne. Saa saba mchana watu walikuwa kantini. Mlango wa ghala la matangi huachwa wazi mchana ili hewa ipite, nikaingia kama mtu aliyetumwa. Ndani kulikuwa na ubaridi na ile harufu ya zabibu inayonipa kiungulia. Kushoto kadi ya bluu, kulia nyeupe. Nilifungua waya, nikabadilisha. Mtu mwingine yeyote wa kiwanda kile angefungua bomba, akakinga tone moja, akaonja kwanza. Mimi nilisoma rangi ya kadi, nikaenda kula.

Mzigo ulipoanza kutoka, nilitembea na kichwa juu. Niliwaambia wateja wangu wasubiri waone maajabu. Wiki tatu baadaye simu zikaanza.

"Mama Chupa, mwaka huu mmeuchanganya na nini?" aliuliza mwenye duka la kona, mteja wangu wa miaka kumi na tano. "Unakwaruza koo."

Nilimwambia huo ndio mvinyo wa kimataifa, ulimi wake haujazoea. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akanunua katoni mbili kwa heshima yangu, na hakununua tena. Kisha hoteli ya karibu na stendi ikarudisha katoni arobaini. Ukumbi wa harusi ukahamia kwenye bia moja kwa moja. Nikajisemea kwamba watu wangu wameharibika midomo, ukiwapa kizuri hawakijui.

Kwenye ofisi ya soko la nje mambo yalikuwa mengine. Wanunuzi wa nje waliagiza, wakaagiza tena kabla meli ya kwanza haijarudi. Mvinyo wetu ukapata medali kwenye mashindano ya huko. Keki ililetwa. Nilipewa kipande chenye ua la sukari, nikakila chote nikiwa nimesimama, na sikujua kilikuwa na ladha gani. Mwezi wa nane mstari mwekundu uliupita mweusi, na meneja akachora mwenyewe.

Ulimi alinikuta kwenye ngazi akaniambia nije ghalani. Ni mtu mnene asiyependa maneno, anasuuza glasi hata zilizo safi. Juu ya meza yake kulikuwa na zile chupa za hoteli zilizorudi, zote zimefunguliwa.

"Nimeonja kumi na mbili," alisema. "Huu siyo mvinyo niliokuwekea wewe."

"Uliniwekea?"

"Miaka sita nakuwekea tangi zuri. Kadi nyeupe ndiyo inayokwenda kwenye tangi zuri."

Nilidhani ananichezea. "Na wa nje?"

"Wanapata linalobaki. Si baya, lakini ni linalobaki."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

Alisuuza glasi, akaipangusa, akaiinua kwenye mwanga. "Mwaka mstari wako ulipoanza kushuka, Pasipoti alikuja akasimama hapo hapo uliposimama. Akasema, wale wa nje nitawauzia kwa mdomo. Dada anawauzia watu waliotuzoea, wakipata kibaya hawarudi. Mpe yeye lililo zuri. Na usimwambie, hapendi kusaidiwa." Akaiweka glasi chini. "Kadi zilihamaje, sijauliza. Na sitauliza."

Ningependa kusema kwamba nilichosikia kwanza ni aibu. Sivyo. Kwanza nilisikia wivu, mkali kuliko wa viatu na wa koti. Mstari ule mwekundu ulikuwa umepanda miaka sita kwa tangi la mabaki. Mimi nilikuwa nimeshuka miaka sita na tangi zuri. Aibu ilikuja baadaye, nikiwa kwenye gari, na dereva akaniuliza kama naumwa jino.

Jumatatu ya kwanza ya kuwa chini yake, nilikuta meza yangu imeshahamishiwa ofisini kwake. Aliiweka upande wa dirisha, mahali ambapo ubaridi wa kiyoyozi haunipigi kifuani. Chupa yenye medali ilikuwa juu ya kabati. Alifunga mlango, akabaki amesimama, na mkononi alikuwa na bahasha.

"Dada, sijui nianzie wapi," alisema. "Kuna kosa lilifanyika ghalani. Tangi nililouza mwaka huu lilikuwa lako. Nilipoonja tu kule nilijua. Nimembana Ulimi, amekubali kwamba alichanganya kadi. Nimemwandikia meneja kila kitu, ili mauzo ya mwaka huu yasihesabiwe na ofisi yako irudi. Naipeleka saa nne."

"Na Ulimi?"

"Atapewa barua ya onyo. Amesema haidhuru."

Saa ya ukutani ilikuwa tatu na nusu. Ningeweza kunyamaza. Nusu saa tu, na ningerudi kwenye moshi wa malori yangu, na meza yangu, na watu wangu, mkubwa wa ofisi kama zamani. Alikuwa ananiletea yote hayo mkononi, ndani ya bahasha, na macho yake yalikuwa mekundu kwa ajili yangu. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Kisha nikamwona akilini mwangu Ulimi akisaini barua ya onyo kwa vile vidole vyake vinene.

"Ulimi hakuchanganya," nilisema.

Hakuelewa mara moja. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama utotoni nikimwambia pipi zimekwisha na mfuko wangu umevimba.

"Siku gani?" aliuliza.

"Jumanne ile. Watu wakiwa wanakula."

"Na hukuonja?"

"Sinywi. Unajua sinywi."

"Ndiyo," alisema. "Najua."

Akakaa. Aliichana bahasha mara mbili, akaitia kwenye kapu la taka chini ya ile ramani, polepole, hakuna kipande kilichoanguka pembeni. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru. Nilikuwa na majibu ya miaka sita, yote tayari kinywani. Alivuta daftari la maagizo, akafungua kalamu, akatafuta ukurasa.

"Tuanze na zile arobaini zilizorudi," alisema bila kuinua macho. "Wapigie hotelini, Mama Chupa."