Kosa la Kutazama

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nyanya yangu alishtakiwa kwa kosa la kutazama. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shamba la mzungu huko Subukia, ambako baba alikamua ng'ombe nasi tukaishi kwenye laini, vibanda vya wafanyakazi vilivyopangwa mistari. Watu wetu waliamini kuna macho yanayodhuru: mwenye macho hayo akimkazia mtoto au ndama, kiumbe huyo huanza kunyauka. Dawa ilikuwa moja tu, mwenye jicho amtemee mate aliyemdhuru. Lakini kutema ni kukiri.

Nyanya alikuwa na makosa mawili. Ukimpita ubavuni hakukusalimu, hata ukimgusa shuka. Na alipokutazama, alikutazama kwelikweli: aligeuza kichwa polepole, akaanza na paji la uso, akashuka puani, akamaliza kidevuni, kama anayesoma barua ya serikali. Hata ndama aliwatazama vivyo hivyo, kipande kwa kipande.

Mimi nilijua jambo ambalo wakubwa hawakulijua, na nililijua kwa wizi. Nilizoea kuketi ubavuni mwake na kuchukua viazi kwenye sahani yake. Hakuuona mkono wangu kamwe. Jioni ileile alitunga uzi kwenye sindano kwa mara moja. Siku moja nilimuuliza kama huko kando kuna giza. Akacheka.

"Giza liko wapi? Naona vizuri kabisa. Ni nyinyi siku hizi hamtembei. Mnatokea tu."

Jumapili moja baada ya ibada, jirani yetu Mama Chebet alikuja na mtoto wake mchanga, aliyekuwa na homa ya siku tatu. Nyuma yake alikuja nyapara, na nyuma ya nyapara laini nzima. Wiki hiyo Nyanya alikuwa amemtazama mtoto huyo kwa muda mrefu, na watu walimwona.

"Mama, tema mate," nyapara alisema. "Ukikataa, kesho nyinyi wote mtoke hapa."

"Nikitema, mtasema nilimroga. Nisipotema, mtasema namuua. Ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

Baba alitazama chini. Nilichukua kikombe cha bati, nikasimama karibu na sikio la kushoto la Nyanya, nikakiinua.

"Nyanya, nimeshika nini?"

"Kwani uko wapi?"

Mtu mmoja akacheka. Nikasogea hatua moja, halafu nyingine, nikiuliza kila mara, mpaka nilipokaribia kusimama mbele ya pua yake.

"Kikombe," alisema. "Na kimebanduka rangi hapo ukingoni. Nani amekiangusha?"

"Haoni kando!" nilipiga kelele. "Anawakazia macho kwa sababu haoni kando!"

"Ati haoni?" alisema Mama Chebet. "Juzi nimemwona akitunga sindano. Kipofu gani hutunga sindano?"

Nadhani hata Nyanya alikuwa akiisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Kisha akasimama.

"Haya. Kama mate yangu ni dawa, kila mtu atapata. Pangeni foleni."

Kwetu mate ya mzee ni baraka pia, na hilo hakuna aliyeweza kulikana. Alianza na mtoto, akamnyunyizia kidogo kifuani, kwa upole. Akafuata mama yake, kisha sisi wengine mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa nyapara, mrefu kuliko wote.

"Inama."

"Mimi siumwi, mama."

"Nimesema unaumwa? Inama."

Akainama. Na mtu akishainamia baraka ya mama mzee, hawezi kumfukuza kesho yake. Tulibaki. Mtoto alipona, na kupona kwake kukawa, kwa laini nzima, ushahidi kwamba Nyanya ndiye aliyemdhuru. Walimficha ndama zao mpaka alipokufa. Hasira hiyo sijaimaliza, wala sina nia ya kuimaliza.

Tulipostaafu na kuhamia Nakuru mjini, mke wangu Tabitha alianza kuangusha vikombe. Nilimwita mzembe. Mimi, niliyempima nyanya yangu kwa kikombe, mwenye digrii ukutani, nilimwita hivyo kwa karibu mwaka mzima. Daktari ndiye aliyetueleza: presha ndani ya jicho huua neva polepole, mara nyingi uoni wa pembeni ukitangulia kupotea, na ubongo huziba pengo kwa kubuni. Kwa hiyo mgonjwa haoni weusi wowote. Haoni kwamba haoni. Tabitha alilisema vizuri zaidi: "Si kwamba mlango umefichwa. Haupo, halafu uko usoni."

Tangu siku hiyo sikuketi tena ubavuni mwake. Niliweka kiti changu mbele yake, na hapo kilikaa mpaka moyo wake uliposimama. Bado kiko hapo.

Baada ya mazishi, binamu yangu, mtu msomi na mzee wa kanisa, alinivuta kando akanong'ona: "Ni lile jicho la nyanya yako. Limemfikia mkeo."

Ningeweza kumweleza habari za neva. Badala yake nilimtazama kama Nyanya alivyotazama: paji, pua, kidevu, bila haraka, mpaka akaanza kurudi nyuma.

"Inama," nilimwambia.